Dubu wa Reykjavik, tope la Rungwe

Mwaka 2010 mchekeshaji Jón Gnarr aligombea uongozi wa jiji la Reykjavik, Iceland, akiahidi taulo za bure kwenye mabwawa ya kuogelea na dubu mweupe kwa bustani ya wanyama. Akaongeza kwamba angevunja ahadi zake zote. Chama chake kilipata viti 6 kati ya 15, akawa meya.

Tukuyu, wilayani Rungwe, Tanzania, wagombea hawachekeshi kwa makusudi.

Kila kampeni, barabara za kutolea ndizi, chai na maziwa vijijini Rungwe hutengenezwa jukwaani. Masika yakifika, tope ni lilelile. Katika uchaguzi wa Novemba 27, 2024, chama tawala CCM kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za serikali za mitaa nchini, wapinzani wakilalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa. Kwa ushindi huo, nani atahangaika kuahidi hata taulo?

Dubu tumwachie Gnarr. Yeye, akiwa ofisini, alikabili madeni ya kampuni ya nishati ya jiji kwa kupandisha bei, jambo lisilopigiwa makofi popote, na mwaka 2014 hakugombea tena. Madiwani wa Rungwe waliochaguliwa Oktoba 2025 waanze na dogo: bajeti ya barabara ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata.