Kivu: Wanaotaka kusomea udaktari wakiwa watu wazima wasingoje vita iishe, wangoje hesabu itimie

Goma, Bukavu, Uvira ao Butembo, kuna watu wazima wengi wenye kujiuliza swali moja. Ni walimu, wauguzi, wauza dawa, na wafanyakazi wa mashirika waliobaki bila kazi baada ya Marekani kukata misaada yake mwaka 2025. Wako na miaka 28, 33, hata 40. Wengine wanaishi kwa jamaa tangu kambi za pembeni ya Goma zilipobomolewa mwanzoni mwa mwaka huo. Wanataka kuwa madaktari, na hawajui ni mwaka gani wa kuingia fakulte.

Hamu hiyo ina mizizi. Katika kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, watu wenye kazi zingine kabisa walijitolea kuwa reko. Walipita hema kwa hema kueleza namna ya kujikinga na kipindupindu, na mwaka 2024 ikaongezeka mpox. Mtu aliyefanya kazi hiyo miezi mingi, akaona mgonjwa anapelekwa hospitali akiwa amechelewa, si ajabu akisema: mimi pia ningeweza kumtibu.

Jibu la kwanza ambalo watu hao wanapewa ni hili: "Ngojea kwanza vita iishe." Linasikika kama la hekima, lakini halina tarehe. Aliyeanza fakulte mwaka 2021, wakati M23 iliporudi kupigana kwenye milima ya Rutshuru, amekwisha kupita nusu ya safari, kama chuo chake kiliendelea kufundisha. Aliyesema atangoje amani, bado anangoja. Na wagonjwa hawakungoja.

Wanaosema kubadili njia ni kupoteza miaka wakumbuke pia historia ya Daktari Denis Mukwege. Kabla ya udaktari alianza masomo ya uenjinia Kinshasa, akakaa huko miaka miwili. Mwaka 1976 aliacha, akaenda kuanza upya udaktari Bujumbura, na akamaliza 1983. Ni kweli, alikuwa kijana bado, hakuwa na watoto wanne wa kulisha. Lakini miaka miwili ile ya Kinshasa haikumzuia kuanzisha hospitali ya Panzi wala kupata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018.

Jibu la pili ni kinyume cha la kwanza: "Ingia tu, Mungu atatoa." Hilo ndilo linalovunja nyumba nyingi. Baba anauza parseli, analipa minervali ya mwaka mmoja, na mwaka wa pili hana parseli wala minervali. Udaktari ni miaka sita ao saba, kulingana na chuo na mfumo wake. Minervali ni sehemu moja tu. Kuna silabi, blouse, usafiri wa kila siku, na baadaye staji ambapo mwanafunzi anashinda hospitali, hata usiku, bila mshahara. Juu ya yote kuna mshahara wa zamani ambao hautaingia tena nyumbani.

Kwa hiyo saa ya kuingia haipimwi kwa redio inayotangaza mazungumzo ya amani, wala kwa moto wa moyo. Inapimwa kwa hesabu ya nyumba.

Hesabu ya kwanza ni ya feza. Hakuna familia ya Kivu inayoweza kuweka leo feza ya miaka saba, na kuidai ni kumkatalia mtu masomo kwa heshima. Lakini mwaka wa kwanza ndio kichungio: kemia, fizika na biolojia vinaangusha wengi, na kurudilia mwaka ni jambo la kawaida. Mtu mwenye jamaa asianze bila kuwa na feza ya mwaka wa kwanza nzima, pamoja na chakula cha nyumba kwa miaka miwili, ikitoka kwa kazi ya mwenzake, shamba, duka ao kikundi cha akiba. Aliyeanguka akiwa na akiba anarudilia. Aliyeanguka bila akiba anarudi nyumbani na deni. Tena, tangu mabenki yafunge milango Goma na Bukavu mwaka 2025, feza iliyo kwenye konti isihesabiwe kama feza iliyo mkononi.

Hesabu ya pili ni ya watoto. Masomo ya msingi kwenye shule za Serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari inalipwa. Mzazi ambaye watoto wake wote wako bado kwenye shule ya msingi ana nafasi ambayo haitarudi. Akingoja mpaka mkubwa aingie sekondari, atalipa minervali mbili kwa mara moja. Hapo kuchelewa kunagharimu kuliko kuharakisha. Kwa mama mwenye mtoto wa ziwa, mwaka mmoja ao miwili ya kungoja si kushindwa, mradi aandike mwaka atakaoingia na mume aukubali mbele ya watu wa familia.

Hesabu ya tatu ni ya karatasi. Wengi walikimbia Masisi, Rutshuru ao Kalehe na mtoto mgongoni, si na diploma. Chuo kitadai diploma ya Serikali na buletini za miaka ya mwisho ya sekondari. Kuzifuata kunaweza kula miezi, hasa kama shule ilichomwa ao prefe alihama. Kazi hiyo ianze sasa, hata kwa mtu atakayeingia baada ya miaka miwili. Ni ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Hesabu ya ine ni ya kichwa. Mwalimu wa Kifaransa ao wa historia aliyeacha kemia miaka kumi iliyopita aazime silabi za mwaka wa kwanza na kusoma kila jioni miezi sita, akiwa bado kazini. Akishindwa kupata saa moja kwa siku sasa, asitumaini kwamba fakulte itampa nguvu hiyo.

Wauguzi wanastahili neno lao. Wengi wanafikiri diploma ya A1 itawakatia miaka. Mara nyingi haikati: wanaingia mwaka wa kwanza pamoja na vijana waliotoka sekondari. Kwa hiyo mwalimu anayetaka udaktari asipitie uuguzi akidhani ni njia ya mkato. Na anayetaka tu kuhudumia wagonjwa aangalie vizuri masomo ya ISTM, kama uuguzi, ukunga ao maabara, yanayochukua karibu nusu ya muda ule. Kuchagua hayo si kushuka cheo. Kituo cha afya kisicho na mkunga kinapoteza mama hata kama mji una madaktari mia.

Wako watakaosema kwamba mwenye miaka 34 atamaliza akiwa na 41, amezeeka. Katika hospitali nyingi za zone zetu za afya, daktari wa jumla ndiye anayepasua mama aliyeshindwa kuzaa, usiku, bila mwenzake wa kumwita. Mtu wa miaka 41 aliyelea watoto, aliyeishi chini ya hema na anayejua kusema na wakubwa wa kijiji ana miaka zaidi ya ishirini ya kazi hiyo mbele yake. Zone gani ya vijijini itamkataa?

Vyuo navyo visinyamaze. Vinavyopokea minervali kwa mafungu viendelee, na vinavyokataa vijue kwamba hakuna mhami mwenye kulipa yote Oktoba. Vikubali kuandikisha kwa muda wale wanaofuata karatasi zao, badala ya kuwaambia warudi mwaka ujao. Na familia, zinapoketi kugawa feza, zimuulize mwenye kutaka kusoma maswali haya mane, bila kumcheka umri wake. Akiwa na majibu ya matatu na wa nne anaushugulikia, mwaka wake ni huu. Akiwa na moja tu, aendelee na kazi yake, aweke akiba, na arudi na daftari lake mwaka kesho.