Samaki wa Njoro Nao Wapewe Zamu

Knoxville, Tennessee, Marekani

Kwa wazee wangu, mama zangu na wadogo zangu wa Mabogini,

  

Kila nikipiga simu nyumbani wakati kiangazi kimekaza, habari ya kwanza huwa ni maji: nani kachukua zamu ya nani, banio gani limefunguliwa usiku, jaluba la nani limeanza kupasuka nyufa. Nasikiliza yote, maana najua uzito wake. Lakini sijawahi kusikia mtu akisema mto wenyewe umebakiwa na nini, na waliomo ndani yake wanaishije. Ndilo lililonifanya niandike.

Naomba kwanza nieleweke. Mimi nimesomeshwa na mpunga. Skimu ya Lower Moshi ilipokamilika mwaka 1987, kwa msaada wa Wajapani, ilibadilisha maisha ya nyumba nyingi, ya kwetu ikiwemo. Ilipangwa kuhudumia hekta 2,300 hivi, na kati ya hizo 1,100 ziwe za mpunga, kwa maji ya mito ya Njoro na Rau. Mbegu ya IR54 ilipoingia, mavuno yalifika tani sita kwa hekta na kuzidi. Walioko juu ya skimu wakaona, nao wakachimba mifereji na kulima mpunga kwa maji yale yale. Hapo ndipo yalipoanza kupungua, na sehemu ya mashamba yaliyosanifiwa kwa mpunga ikabaki bila maji. Ugomvi wa zamu tulionao leo chimbuko lake ni hapo. Sitaki mtu aache kulima. Ninachosema ni kwamba tangu wakati ule tumekuwa tukigawana mto mzima, mpaka tone la mwisho, kana kwamba wenye haki ya maji ni wenye majembe peke yao.

Shukeni siku moja chini ya banio mwezi wa pili, mvua za masika hazijaanza, maji yote yakiwa yameelekezwa kwenye mfereji mkuu. Asubuhi mto ni madimbwi, lakini maji yake bado ya baridi. Ikifika saa nane mchana madimbwi yamepata moto, na maji ya moto hayashiki hewa kama ya baridi. Visamaki hupanda juu wote kwa pamoja, midomo nje, wakihema. Kambare huwa wa mwisho kufa. Ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, hivyo hata kwenye tope anaweza kungoja. Ndiyo maana mtu akiona kambare wapo, hudhani mto ni mzima. Kambare si shahidi mzuri. Yeye hubaki wenzake wakiwa wamekwisha.

Muulizeni badala yake samaki mwingine ambaye wengi hawamjali kwa sababu hafai hata kwa mchuzi. Wanasayansi humwita Garra, na katika bonde letu la Pangani yupo. Ni mdogo, mwembamba, wa rangi ya tope. Mgeuzeni tumbo juu: nyuma ya mdomo ana kisahani cha duara anachonatia nacho juu ya jiwe. Mto ukienda kasi yeye haburuzwi, anabaki pale pale akikwangua ukoga. Anachodai ni jiwe safi na maji yanayokimbia. Kingo za mto zikilimwa mpaka ukingoni, mvua hushusha udongo, mawe yakafunikwa na tope, na ukoga ukakosa mwanga. Samaki huyu huondoka kimya kimya. Hakuna anayemlilia kwa sababu hakuna aliyekuwa akimhesabu.

Faida ipo pia, kwa wanaotaka kuisikia. Samaki wadogo wa vijito hula viluwiluwi vya mbu, na Mabogini ni mahali ambapo watafiti wamekuja miaka mingi kuchunguza mbu wa malaria kwenye majaluba. Lakini sitaki kuijenga hoja yangu juu ya faida. Viumbe hawa walikuwepo kabla ya banio la kwanza kujengwa, na hiyo peke yake inatosha kuwapa nafasi.

Sasa niwaeleze habari ya huku ninakoishi, maana inatuhusu kuliko inavyoonekana. Jirani na mji wetu ipo hifadhi ya milima iitwayo Great Smoky Mountains, na ndani yake kuna kijito cha Abrams Creek. Mwaka 1957 wakuu wa uvuvi waliamua kukitia sumu kijito hicho, wakiwatoa samaki wa asili ili wawekwe trauti, samaki wa kuvuliwa na watalii kwa ndoano. Walitumia rotenoni, sumu ya jamii moja na ile iliyomo kwenye utupa wetu. Samaki wakaelea wa kila aina. Miongoni mwao walikuwemo vikambare visivyozidi urefu wa kidole, aina ambayo hakuna mwanasayansi aliyekuwa ameiandika. Miaka 12 baadaye, 1969, ndipo ilipopewa jina, Noturus baileyi, kwa kutumia mizoga iliyookotwa siku zile za sumu. Kikambare hicho kilipewa jina kikiwa kinadhaniwa kimekwisha duniani.

Mwaka 1980 kilionekana tena, kwenye kijito kingine kiitwacho Citico Creek. Hapa Knoxville kikaanzishwa kituo, Conservation Fisheries, ambacho kazi yake ni kutunza samaki adimu wa vijito. Walichukua mayai kutoka Citico, wakayaangulia kwenye matangi, wakalea vifaranga, na kuanzia mwaka 1986 wakaanza kuvirudisha Abrams Creek. Leo vinazaana huko vyenyewe. Ni kazi ya miaka mingi, ya fedha nyingi, na ya watu wenye subira isiyo ya kawaida, na yote ni kufidia uamuzi wa mara moja. Wao walikuwa na bahati ya Citico Creek. Samaki wa Njoro wakiisha, sisi mbegu tutaifuata kijito gani?

Na hili la trauti linanifikisha kwenye sato. Najua vijana kadhaa wanachimba mabwawa ya samaki, na ni jambo jema, kijana apate kipato. Ila sato si mwenyeji wa bonde la Pangani. Bonde letu lina perege wake wa asili, akiwemo yule wa ziwa Jipe, Oreochromis jipe, ambaye yuko kwenye orodha ya samaki walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Vivyo hivyo perege wa ziwa Chala, Oreochromis hunteri, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Sato na jamaa zake wageni wakiingia mtoni hupandana na perege wa asili, na baada ya vizazi vichache huwezi tena kusema yupi ni yupi. Bwawa lenye sato likifurika masika na kumwaga kwenye mfereji, umeshawaingiza mtoni na hakuna wavu wa kuwatoa. Wadogo zangu, fugeni, lakini bwawa liwe mbali na mfereji, tuta liwe juu, na bomba la kutolea maji liwekwe chujio.

Kuna wanaosema tusihangaike, kwamba tatizo ni barafu ya kilele cha Kibo kuyeyuka na hilo halina dawa. Sikubaliani nao. Maji ya chemchemi zetu kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvua inayonyesha msituni, ikazama ardhini na kuibukia huko chini. Barafu mchango wake ni mdogo. Msitu, kingo za mto na banio viko mikononi mwa watu, na huko chini watu hao ni sisi.

Sheria nayo iko upande wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imepanga nani aanze kupata maji: kwanza matumizi ya nyumbani, pili akiba ya mazingira, ndipo kilimo na shughuli nyingine za uchumi. Kwa hiyo samaki kisheria wako mbele ya jaluba. Bodi ya Maji Bonde la Pangani makao yake yako hapo hapo Moshi, nauli ya daladala tu.

Wazee wangu, ombi langu ni hili. Mtakapokaa kupanga zamu za msimu ujao, pamoja na wenzetu wa juu, mto nao uandikwe kwenye orodha kama mtumiaji. Mlango wa banio uachwe wazi kiasi fulani usiku na mchana, kiasi mtakachokubaliana na wataalamu wa Bodi, na mgawa maji apewe mamlaka ya kukisimamia kama anavyosimamia zamu ya mtu yeyote. Bomba la kunyunyizia dawa lisioshwe mtoni. Utupa na sumu nyingine zisitumike kuvulia, na anayekamatwa afikishwe mbele ya serikali ya kijiji. Na walimu wawapeleke wanafunzi kwa wazee wanaojua majina ya samaki hawa kwa Kichagga na Kipare, wayaandike pamoja na mahali kila mmoja alipokuwa akionekana, kwa sababu orodha hiyo ndiyo itakayotuambia nani bado yupo na nani wa kutafutwa.

Mimi niko tayari kuchangia gharama za chujio la bwawa la kwanza na madaftari ya shule. Nasubiri jibu lenu baada ya mkutano.

Wenu, kijana wa Mabogini