Tumbo likijaa baada ya sindano za kukuza mayai

Mwaka 2006 Nairobi ilipopata watoto wake wa kwanza wa IVF, yaani mimba iliyotungwa maabara, ilikuwa habari kubwa. Leo kliniki za namna hiyo zipo pia Dar es Salaam, na wanaozijaza si matajiri tu. Wapo waliouza kiwanja. Ninafurahi kuona hivyo. Kinachonisumbua ni kwamba mazungumzo yote ni ya bei na ya nani amefanikiwa, wakati siku kumi zinazofuata baada ya mayai kuvunwa hazitajwi.

Niliwahi kupokea dada wa miaka 29 aliyekuwa amerudi kwao mkoani siku tatu baada ya kuvunwa mayai. Tumbo lilijaa, alikuwa anatapika na anahema kwa shida. Katika kituo cha kwanza alipewa dawa ya kukojoza na sindano ya diclofenac. Hakusema kuhusu IVF kwa sababu aliyemsindikiza ni mama mkwe. Alipotufikia, tangu asubuhi alikuwa amekojoa mara moja tu, mkojo kidogo na mzito. Alipona, lakini alilala wodini siku tisa.

Kwa kawaida ovari hukomaza yai moja kwa mwezi. Sindano za matibabu huzifanya zikuze 10 au zaidi kwa pamoja, kisha hufuata sindano ya mwisho ya kuyaivisha, mara nyingi ya homoni ya hCG. Hiyo ndiyo huwasha tatizo. Ovari zilizochochewa kupita kiasi hutoa kemikali zinazofanya mishipa midogo ya damu ivuje, maji yakahamia tumboni, na wakati mwingine kifuani. Kwa hiyo mgonjwa amejaa maji tumboni huku mishipa yake imekauka. Damu inakuwa nzito na inaweza kuganda, figo zinakosa damu ya kutosha. Ukimpa dawa ya kukojoza unazidi kukausha palipokauka. Diclofenac na ibuprofen nazo huziumiza figo hizo hizo. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha.

Hali nyepesi huwapata takriban theluthi moja ya wanaopitia IVF: tumbo kujaa kiasi na kichefuchefu, na huisha yenyewe. Ya wastani au kali huwapata kati ya 3 na 8 katika kila 100. Walio hatarini zaidi ni wasichana, wembamba, wenye ovari zenye vifuko vingi (PCOS), na waliowahi kuipata.

Huja kwa mawimbi mawili. La kwanza huanza ndani ya wiki moja hivi baada ya sindano ya mwisho. La pili huja siku ya kumi na kuendelea, na huletwa na mimba yenyewe, kwa kuwa mimba nayo hutoa hCG. Hili la pili hudumu zaidi, na ndilo huwakuta watu wakiwa tayari wanasherehekea.

Nyumbani unahitaji mizani na futikamba. Jipime kila asubuhi kabla ya chai, uzungushe futikamba kitovuni, uandike. Ukiongezeka kilo moja au zaidi kwa siku, au mkojo ukipungua huku unakunywa, piga simu kliniki siku hiyo hiyo. Kunywa kadiri ya kiu. Kujilazimisha malita hakusaidii. Acha mazoezi mazito na tendo la ndoa kwa muda, maana ovari iliyovimba inaweza kujisokota.

Kuhema kwa shida, kutapika kusikokoma, maumivu makali ya tumbo, kuzirai, au mguu mmoja kuvimba na kuuma: hapo usipige simu, nenda hospitali.

Kabla ya kulipa, muulize daktari atafanya nini mayai yakiwa mengi mno. Jibu zuri lipo: kubadilisha sindano ya mwisho asitumie hCG, na kugandisha viinitete vyote vipandikizwe mwezi mwingine. Inauma kusubiri, najua, hasa kwa aliyekopa. Daktari asiyetaka kuahirisha kamwe ananitia wasiwasi.

Na kama hutaki mama mkwe ajue, omba kliniki ikuandikie karatasi yenye dawa ulizopewa, tarehe na namba ya simu ya usiku. Ukifika hospitali yoyote, mpe daktari hiyo karatasi mkononi.