Sanduku Lisivunjwe Desemba

Kila mwaka unapokaribia mwisho, sauti nyingi husikika zikiwaonya wananchi wasitapanye fedha katika sikukuu ya Noeli. Viongozi huonya, wahubiri huonya, na sisi wenye magazeti huonya vilevile, kisha sote twakutana buchani. Leo hatuna haja ya kurudia maonyo hayo. Twataka kusema juu ya jambo moja ambalo halitajwi sana, nalo ni tarehe ambayo vikundi vyetu vya akiba huvunja masanduku yao.

Katika mji wa Morogoro na katika vijiji vya milima ya Uluguru, kuanzia Kinole na Matombo hadi Mgeta, ni shida kupata mtaa au kitongoji kisichokuwa na kikundi cha namna hii. Wengine huviita vikoba, wengine hisa. Wanachama hukutana kila juma, kila mmoja hununua hisa zake mbele ya macho ya wenzake, na fedha hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu, na mwenye kulitunza sanduku hana hata ufunguo mmoja. Mwanachama mwenye shida hukopa, hulipa na riba ndogo, na riba hiyo mwishoni hugawanywa kwa wote. Wengi wa wanachama ni wanawake, wala hilo si ajabu katika nchi ya Waluguru, ambako tangu zamani ukoo na ardhi yake hufuata upande wa mama. Wala si jambo dogo: mama anayeuza karoti na viazi, akiweka shilingi 5,000 kila juma kwa majuma 48, amejiwekea shilingi 240,000 kabla ya kuhesabu faida. Fedha hiyo hakupewa na mtu.

Basi fedha hii iliyokusanywa kwa saburi ya mwaka mzima hugawanywa lini? Vikundi vingi hugawana katikati ya Desemba. Mwanachama hutoka mkutanoni na fungu lake mkononi, na siku chache baadaye sikukuu imewadia.

Tusieleweke kwamba twailaumu sikukuu. Noeli katika milima hii ni siku ya ukoo kukutana. Vijana wanaofanya kazi Dar es Salaam hupanda kuwaona wazee wao, na tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Morogoro tarehe 14 Juni 2024, safari ambayo kwa basi ilikuwa ikila nusu ya siku imekuwa ya saa mbili au pungufu. Aliyekuwa na udhuru wa kutokuja hana udhuru tena, ila labda ule wa utelezi wa barabara ya mlimani wakati wa vuli. Watoto hutarajia nguo mpya. Jirani Mwislamu huitwa kuchinja mbuzi ili nyama iwe halali kwa wote, naye hurudi nyumbani na fungu lake, kama vile Mkristo anavyoalikwa pilau siku ya Iddi. Mtu akitumia fedha kwa mambo haya hajatenda dhambi. Kosa ni kwamba fedha yote inakuwa mkononi katika juma ambalo bei ya kila kitu sokoni imepanda, na hakuna hata shilingi moja inayobaki mkononi wakati shida ya kweli inapobisha hodi.

Shida hiyo hubisha Januari. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Lakini sare, viatu, madaftari, godoro la mtoto anayekwenda bweni na michango ya chakula haikuondolewa na mtu. Matokeo ya uchaguzi wa kidato cha kwanza hutoka Desemba, na mzazi hupewa orodha ndefu na majuma machache tu ya kuitimiza. Wakati huohuo mkulima hana budi kufikiri juu ya mbegu na mbolea, kwa maana masika ya Machi hayamngoji mtu. Naye mfanyakazi wa mjini, akilipwa mshahara wake tarehe 20 Desemba, hana budi kuunyosha ufike karibu na tarehe 24 Januari. Hayo ni majuma matano, na sikukuu mbili zimo ndani yake. Si bure kwamba wenye mzaha wameuita mwezi huo Njaanuari.

Sasa mwanachama aliyezoea kukopa katika kikundi chake akienda kugonga mlango mwezi huo, atakuta nini? Atakuta sanduku tupu, maana limevunjwa majuma matatu yaliyopita. Kikundi kinaanza upya, hisa za juma la kwanza hazitoshi kumkopesha hata mtu mmoja. Ndiyo kusema kwamba chombo kilichoundwa ili kumkinga mwananchi na shida kinalala usingizi katika mwezi wenye shida kuliko yote.

Kuna jambo jingine baya zaidi. Sheria ya vikundi vingi ni kwamba mikopo yote irudishwe kabla ya siku ya kugawana. Mwanachama ambaye mazao yake hayajauzwa, au kibarua ambaye msimu wa kiwanda umekwisha, hufanyaje? Huenda kwa mkopeshaji wa mtaani, yule ambaye watu wamempa mkopo wake jina la kausha damu, akachukua fedha za kuulipa mkopo wa kikundi ili asiaibike mbele ya wenzake na apate kugawiwa. Amelihamisha deni lake kutoka kwa rafiki hadi kwa adui. Tuseme amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi: mwezi wa tano riba peke yake imefikia mkopo wenyewe, na bado mkopo haujapungua. Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, na Novemba 2024 iliyataja majukwaa na programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Hatua hizo twaziunga mkono. Lakini mkopeshaji wa kausha damu hafi kwa tangazo tu, iwapo kila Desemba twampelekea wateja kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa sababu hiyo twashauri kwamba vikundi visogeze tarehe ya kuvunja sanduku hadi juma la kwanza la Januari. Au, kama hilo ni zito, vigawane mara mbili: fungu dogo kabla ya Noeli kwa ajili ya nguo na kitoweo, na fungu kubwa baada ya Mwaka Mpya, sokoni kukiwa kumetulia. Vikundi vyenye wazazi wengi vinaweza pia kununua madaftari na vitambaa vya sare kwa jumla kabla ya kugawana, kwani dukani mnunuzi wa madaftari 300 husikilizwa kuliko mnunuzi wa sita. Na ingefaa sehemu ya mtaji ibaki sandukuni, ili Januari asikose mtu wa kukopeshwa. Wale waliosomea shule za misheni watakumbuka walivyofundishwa kwamba Noeli haiishi tarehe 25, bali huendelea hadi Epifania, tarehe 6 Januari. Anayegawana tarehe hiyo bado yumo katika sikukuu.

Twajua majibu tutakayopewa. La kwanza ni hofu ya wizi. Sanduku likijaa ndipo wezi hulisikia harufu, na kila siku ya ziada ni siku ya hatari. Hofu hii ni ya haki. Dawa yake ni kufungua akaunti ya kikundi, katika benki au katika simu, yenye kutaka idhini ya watu zaidi ya mmoja, na sanduku libakie na fedha za mikopo ya juma tu. Wengine watasema kwamba hawana imani na fedha za simu, wakikumbuka tozo ya miamala ya Julai 2021 ambayo ilipunguzwa baadaye baada ya malalamiko mengi. Nao hatuwezi kuwacheka. Serikali ikitaka wanyonge waweke akiba katika njia rasmi, haifai njia hiyo ianze kwa kuwapunguzia akiba yenyewe.

Jibu la pili ni zito zaidi kwetu. Wanawake watasema: fedha isipotoka Desemba, waume zetu watatudai ya sikukuu, nasi tutasema imo sandukuni, nyumba itakosa amani. Hapa hatuna dawa ya kuandika gazetini. Twasema tu kwamba sikukuu ni ya nyumba nzima, na mwanamume mwenye mshahara au shamba asiyekuwa na akiba yake mwenyewe hana haki ya kulinyoshea kidole sanduku la mkewe.

Wala tusingependa kusikia kwamba ofisa fulani amesoma maneno haya akatoa amri kwa vikundi vyote vya wilaya. Uluguru ina kumbukumbu ndefu. Serikali ya Mwingereza iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta, na ingawa hifadhi ya udongo ni jambo jema, mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikatokea Matombo, na mpango wote ukaanguka. Katiba ya kikundi ni ya wanachama wenyewe. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, na maofisa maendeleo ya jamii wanaovitembelea waweza kushauri, si zaidi.

Mzunguko mpya huanza na mkutano wa kwanza, ambapo bei ya hisa, faini ya mchelewaji na tarehe ya kuvunja huandikwa upya katika daftari. Faini ya mchelewaji hujadiliwa hata saa nzima, na mara nyingi kwa makelele. Tarehe ya kuvunja hunakiliwa tu kutoka ukurasa wa mwaka uliopita. Mwanachama yeyote aweza kunyosha mkono hapo, kabla katibu hajaandika.