Hukumu Iliyohamisha Moshi

Daladala za Kinyerezi hupita Tabata, mahali ambapo wananchi waliliburuza jiji la Dar es Salaam mahakamani kwa sababu ya dampo. Taka zilichomwa karibu na nyumba zao; moshi, harufu na nzi havikuwapa nafasi ya kupumua. Mwaka 1988, katika shauri la Joseph Kessy na wenzake, Mahakama Kuu iliamuru Halmashauri ya Jiji iache kumwaga taka pale. Jiji likaomba muda, kisha likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa: kuhatarisha afya ya watu, alisema, ni kuwanyima haki ya kuishi, ile ya ibara ya 14 ya Katiba.

Dampo likaenda wapi? Kunduchi Mtongani, katikati ya makazi mengine. Huko nako wakazi zaidi ya 700 walifungua shauri, wakashinda. Dampo likahamia Vingunguti na Mtoni, hadi Pugu Kinyamwezi. Naziheshimu sana hukumu hizo, lakini kila moja ilifika baada ya moshi kuanza, na kila ushindi uliangukia jirani ambaye hakuulizwa.

Ndiyo maana tunadai haki ianze kabla mradi haujaidhinishwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamruhusu mtu yeyote kushtaki hata madhara yakiwa bado tishio tu. Lakini mkazi wa Kinyerezi, jirani wa mitambo ya umeme wa gesi inayoletwa kwa bomba kutoka Mtwara, atalitambuaje tishio iwapo ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ni kitabu kinene cha Kiingereza, naye anaishia kuonyeshwa muhtasari wa Kiswahili? Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama zetu. Ripoti inayogusa pumzi za watu inasubiri nini?

Tena, marekebisho ya sheria yaliyofanywa mwaka 2020 yalimtaka anayedai haki ya kikatiba aeleze kwa kiapo alivyoathirika yeye binafsi. Sharti la namna hiyo linawaumiza wanaotaka kuzuia madhara kabla hayajamfika mtu, nasi hatulitaki katika sheria zetu. Nayo ripoti nzima ya tathmini iwekwe kwa Kiswahili katika ofisi ya serikali ya mtaa, muda wa kuisoma utoshe, na kila pingamizi lijibiwe kwa maandishi kabla cheti cha mazingira hakijasainiwa.