Mita moja na nusu ya mpita njia

Korosho ghafi za Mtwara na Lindi huvuka bahari kwenda kubanguliwa Vietnam, na kazi yangu ya kukagua ubora wa mzigo hunifikisha Ho Chi Minh City, jiji ambalo wenyeji wengi bado wanaliita Saigon. Mchana wote ni maghala na makaratasi. Jioni ni yangu, na huimalizia kando ya barabara, kwenye viti vya plastiki vifupi, miongoni mwa watu wanaokula.

Mimi ni mtoto wa mama lishe. Nilijifunza mapema kubeba sufuria ya wali ikiwa bado ya moto, kwa sababu mgambo wakitokea hakuna muda wa kungoja upoe. Mama alikuwa fundi wa supu ya pweza, lakini sokoni hakuipika hata siku moja. Alipika wali na samaki wa kukaanga, vitu ambavyo mtu anaweza kuvifunika na kukimbia navyo. Hilo ndilo jicho ninaloitazamia Saigon.

Huko jua huzama karibu saa kumi na mbili. Huswali magharibi katika msikiti wa mtaa wa Dong Du, uliojengwa mwaka 1935 na Waislamu wenye asili ya India, kisha naingia mitaani. Nyumbani huniuliza Muislamu anakula nini katika jiji ambalo nyama ya nguruwe imo karibu kila chungu. Anakula vizuri, ilimradi aulize kwanza. Karibu na soko la Ben Thanh, mtaa wa Nguyen An Ninh, kuna migahawa ya halali. Siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, Wabudha wengi huacha nyama, na vibao vilivyoandikwa "chay" huongezeka: maana yake hapo hakuna nyama.

Lakini ninachokipenda zaidi kipo kwenye mikokoteni. Kuna mama anayekaanga punje za mahindi kwa siagi, kamba wadogo waliokaushwa, majani ya vitunguu na pilipili. Bakuli moja ni kama dong 20,000, yaani shilingi 2,000 hivi za kwetu. Hauzi kingine. Jirani yake anachoma karatasi nyembamba za unga wa mchele juu ya mkaa, anapasulia yai, analitandaza kwa kijiko, anakunja. Naye hauzi kingine. Mbele zaidi kuna juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na vindimu vidogo vya huko, na vikombe vya choroko tamu kwa tui la nazi ambavyo bibi yangu wa Mikindani angevimaliza bila kuuliza vimetoka nchi gani. Vichochoroni hupita kijana akigonga vipande viwili vya mti, ko ko, ko ko. Watu wanatoa vichwa madirishani, wanaagiza tambi za supu, naye anakwenda kuzichukua kwenye mkokoteni na kuwaletea bakuli mlangoni. Supu hiyo ni ya nguruwe, kwa hiyo mimi nabaki kumsikiliza.

Nikiwa na hamu ya bahari, nakwenda mtaa wa Vinh Khanh, katika eneo lililoitwa Wilaya ya 4. Ni mtaa wa kome, chaza na konokono wa baharini, wanaochemshwa kwa mchaichai au kuchomwa na kunyunyiziwa karanga. Wanawake wa pwani yetu huokota viumbe kama hivyo maji yakipwa, na sijaona mji wetu uliowatengea mtaa wa kuvipikia.

Mtu anayepika kitu kimoja miaka nenda rudi anakuwa bingwa, na ubingwa huo unahitaji mahali pa kudumu. Supu ya pho hupatikana kwa kuchemsha mifupa ya ng'ombe kwa saa nyingi. Hakuna anayewasha jiko la namna hiyo kama hajui kesho atakuwa wapi. Mwaka 2023 wakaguzi wa Michelin walipotoa mwongozo wao wa kwanza wa migahawa ya Hanoi na Ho Chi Minh City, waliorodhesha pia vibanda vya pho. Hizo ni sufuria ambazo hazikukimbizwa.

Wavietnam nao wamewahi kukimbiza. Kabla ya mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986, biashara binafsi ilibanwa sana. Na mwaka 2017, naibu mwenyekiti wa Wilaya ya 1 ya Saigon, Doan Ngoc Hai, aliongoza operesheni ya kusafisha njia za waenda kwa miguu: ngazi zilizojitokeza zikavunjwa, meza na viti vikabebwa. Alitaka eneo lake lifanane na Singapore. Januari 2018 aliandika barua ya kujiuzulu, na meza zilirudi.

Tangu Januari 2024 jiji limeshika njia nyingine. Hutoza ada kwa mita ya mraba kwa anayetumia sehemu ya njia ya waenda kwa miguu, kwa sharti kwamba mpita njia abakiziwe angalau mita moja na nusu. Nalipenda sharti hilo, kwa sababu mzee mwenye mkongojo naye ana haki yake. Utaratibu wenyewe una kasoro: humfaa zaidi mwenye duka, huku mwenye mkokoteni akiendelea kuishi kwa wasiwasi. Maji machafu ya kuoshea bakuli nayo bado humwagwa mtaroni, na hilo siliungi mkono.

Sisi Tanzania tulianza na kitambulisho. Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho vya shilingi 20,000. Kitambulisho kilimtambua mtu, hakikumwonyesha mahali. Mwishoni mwa 2021, wenye vitambulisho na wasio navyo waliondolewa pamoja pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam, wengi wakapelekwa mbali na wateja wao. Forodhani, Unguja, inathibitisha kwamba tunaweza kufanya vizuri zaidi: bustani ilikarabatiwa, ikafunguliwa tena mwaka 2009, na wapishi wa jioni wakabaki palepale watu wanapotembea.

Madiwani wa Mtwara, Dar es Salaam na miji mingine, chukueni futi kamba. Mpimieni mpita njia mita yake moja na nusu, choreni mstari, wekeni bomba la maji na pipa la taka. Kisha mwandikieni mama lishe nafasi yake upande wa pili wa mstari, kwa jina lake na kwa saa zinazojulikana, ada yake ailipe kwa stakabadhi. Akishakuwa na uhakika wa kesho, atapika supu ya pweza.