Porsche kuukuu Kitale: gari la tajiri, somo la fundi wa kawaida

Wako watakaouliza mara moja: mambo ya Porsche yanatuhusu nini sisi watu wa Pwani, na hasa Porsche iliyoko Kitale? Jibu ni kwamba gari lile halikuota mlimani Elgon. Lilishuka bandarini Mombasa, na spea yake ikitafutwa leo, aghalabu itapitia hapahapa kwetu. Pili, linalolisumbua gari lile ndilo linalosumbua ambulansi ya Mpeketoni, matatu ya Likoni na lori la Mariakani: tunaishi na magari ya zamani, lakini hatujajipanga kuyatunza.

Chukua mfano wa Porsche 944, gari la Kijerumani lililotengenezwa kuanzia 1982 hadi 1991. Lina injini ya silinda nne, inayopozwa kwa maji. Si gari la ajabu kama 911, na huko Ulaya kwa miaka mingi lilihesabika kuwa Porsche ya mtu wa kipato cha kati. Tuseme liko Kitale, mwenyewe alilirithi au alilinunua kwa bei nafuu kutoka kwa mzee aliyechoka nalo. Bei ya kununua inaweza kumdanganya mtu. Gari la namna hii hununuliwa mara moja, kisha likaendelea kununuliwa kila mwezi, kipande kwa kipande.

Tuanze na mkanda wa taimingi. Kwenye injini ya 944, mkanda huu ukikatika gari likiwa linatembea, pistoni hupanda zikazikuta valvu ziko wazi, na valvu zikapinda. Injini nzima hufunguliwa kwa sababu ya kipande cha mpira. Tena mpira huzeeka hata gari likiwa limelala. Mwenye gari husema, "Mimi silitumii sana, mkanda bado mpya." Mkanda wa miaka kumi si mpya, hata kama umetembea kilomita elfu tano tu. Ukibadilishwa, mkazo wake unapimwa kwa kifaa maalum, na baada ya kilomita elfu tatu hivi unapimwa tena. Fundi asiye na kifaa hicho hukisia kwa kidole. Mkanda ukikaza mno unakula beringi, na ukilegea unaruka meno.

Kisha iko klachi. Toyota nyingi zilizozoeleka zina gia boksi iliyoshikana na injini mbele. Kwenye 944 injini iko mbele na gia boksi iko nyuma, na katikati kuna bomba refu lenye shafti ndani yake. Kuifikia klachi, fundi anashusha ekzosi, anatoa gia boksi nyuma, kisha anasogeza lile bomba. Anayeikadiria kama klachi ya Corolla atataja bei ya siku moja, na siku ya nne atakuwa bado chini ya gari, mwenye gari amekasirika na fundi naye anajuta. Hapo hakuna mwizi. Wote wawili wamekosa habari.

Mlima nao una mambo yake. Mombasa tuko usawa wa bahari. Kitale iko karibu mita 1,900 juu, na Bungoma karibu mita 1,400. Hewa ya Kitale ni nyepesi kwa takriban asilimia ishirini kuliko ya Mombasa. Gari la kabureta lililopangwa Mombasa likifika kule linapewa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, kwa hiyo plagi zinakuwa nyeusi, nguvu inapungua na mafuta yanaisha haraka. Likipangwa Kitale kisha likateremka Pwani, mambo yanageuka: hewa inakuwa nyingi, petroli chache, na injini inachemka. Halafu kuna rejeta. Maji yasiyo na mgandamizo huchemka Kitale yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama huku kwetu. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni mfuniko wa rejeta unaoshika presha. Mfuniko uliolegea, ambao Mombasa ungekuvumilia, Kitale utakuunguzia gasketi ya kichwa cha injini. Mtu atanunua gasketi mara mbili kabla ya kufikiria mfuniko.

Kasoro nyingine hutibiwa na mtu asiye makanika kabisa. Gari hizi za miaka ya themanini zina rilei ndogo inayopeleka umeme kwenye pampu ya petroli na kwenye kompyuta ya injini. Miaka ikipita, lehemu iliyo ndani yake hupata nyufa. Gari linazima ghafla, likipoa linawaka tena, na mwenye gari anauziwa pampu mpya, kisha sensa mpya, kisha anaambiwa auze gari. Fundi redio mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuifungua rilei ile, akapitisha lehemu upya, na safari ikaendelea. Watu wa kazi hiyo wapo Kitale na wapo Bungoma. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia makanika kwamba ugonjwa uko pale.

Sasa tuje kwenye sera, maana hapa ndipo gari la mtu mmoja linapokuwa jambo la nchi.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na lazima usukani uwe kulia. Hiyo ndiyo kanuni ya KS 1515:2000 inayosimamiwa na KEBS. Kila Januari mwaka mmoja unasogezwa mbele. Maana yake ni kwamba magari ya miaka ya themanini na tisini yaliyomo nchini hayaongezeki kwa njia ya kawaida. Yaliyopo ndiyo hayohayo. Na anayetaka kuliacha la zamani achukue la karibuni, akakutane na ushuru. Kwa viwango vilivyopo tangu mwisho wa 2024, gari la petroli lenye injini kati ya sisi 1,500 na 3,000 linalipiwa ushuru wa forodha asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa asilimia 25 juu ya jumla hiyo, kisha VAT asilimia 16, kisha ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2. Piga hesabu mwenyewe: gari ambalo KRA imelithamini shilingi laki kumi linakuwa karibu laki ishirini kabla halijatoka getini. Ukimwekea mtu mlango mzito namna hiyo, atabaki na alilo nalo. Huwezi kumlaumu kwa kutengeneza.

Wakati huohuo, mwaka 2025 Wizara ya Uchukuzi ilileta rasimu ya kanuni za ukaguzi, zinazogusa hata magari ya binafsi yaliyozidi miaka minne tangu kuundwa. Nia ni njema. Barabara ya kutoka Kitale kushuka Webuye, na ile kuu inayotoka Eldoret kwenda Bungoma na Malaba, zina malori mengi, na breki mbovu ni kifo. Lakini ukaguzi unapima matokeo tu. Hauzalishi fundi wala spea. Ukimkagua mtu ukamwambia breki hazifai, naye hana mahali pa kuzitengeneza kwa uhakika, atatafuta njia ya kupata karatasi. Sote tunajua njia hizo zilivyo.

Spea nazo zina siasa yake. Ndugu zetu wengi wana jamaa Dubai na Sharjah, na masoko ya spea za mitumba ya Sharjah yanajulikana. Magari ya Kijerumani kule ni mengi. Lakini anayeagiza ajue mambo mawili. Kwanza, magari ya Ghuba yana usukani kushoto. Pistoni, pampu au gia boksi zinaweza kufaa, ila mashine ya usukani haitafaa, na taa za mbele zinaelekeza mwanga upande usio wetu. Vitu hivyo vitafutwe Uingereza au Afrika Kusini, ambako usukani uko kulia kama kwetu. Pili, jua la Ghuba halina huruma kwa mpira na plastiki. Chuma cha kule ni kizuri kwa kuwa hakijaliwa na kutu. Hozi, bushi na soketi za waya za kule ni za kutupa. Na petroli inayovuja kwenye hozi kuukuu juu ya injini ya moto imeteketeza magari mengi mazuri duniani, tena kwa kitu cha bei ndogo.

Atasema mtu: haya ni mambo ya wenye pesa. Nami nasema hapana, na ushahidi tunao hapahapa Pwani. Mashindano ya Safari ya magari ya kale yalianza 2003, na mara nyingi yameanzia au kumalizikia Pwani. Mwaka 2011 Björn Waldegård alishinda kwa Porsche 911, na 2015 Stig Blomqvist naye akashinda kwa 911. Katika Safari ya zamani, Porsche ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978, isipate kushinda hata mara moja. Je, gari liliboreka lilipozeeka? Sehemu kubwa ya jibu ni matayarisho. Waldegård na Blomqvist waliendesha magari yaliyotayarishwa na mafundi kutoka Uingereza waliokuja na makontena ya spea, wanaojua kila bushi na muda wake wa kubadilishwa. Kila jioni gari linafunguliwa na kukaguliwa hata kama halijalalamika. Gari la zaidi ya miaka thelathini likavuka mawe na vumbi la nchi yetu. Kumbe umri si ugonjwa.

Na jambo hilo halikuanza na Wazungu. Jahazi la Lamu hupandishwa pwani, likakaguliwa mbao kwa mbao, likatiwa kalafati, likapakwa deheni, likarudi majini. Hakuna nahodha anayengoja maji yafike magotini ndipo aulize kalafati. Ndiyo maana chombo humzika mwenyewe kikarithiwa na mwanawe. Sisi tulioyajua hayo kwa mbao tumeshindwaje kuyafuata kwa chuma?

Tulipungukiwa katika kupokezana ujuzi. Kijana wa jua kali Bungoma hujifunza kwa kuangalia. Akikutana na Toyota mia atakuwa bingwa wa Toyota. Akikutana na gari moja la Kijerumani kwa miaka mitano, atajifunza kwa gharama ya mwenye gari. Hana kitabu cha gari lile, hana kifaa, na anachokijua hakina cheti. Vyuo vipo: Kitale kuna National Polytechnic, Bungoma kuna Sang'alo, na Mombasa kuna Chuo Kikuu cha Ufundi, kilichotokana na MIOME, taasisi iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kuwafundisha Waislamu wa Afrika Mashariki kazi za ufundi. Wazee wetu waliona mbali. Walijua kuwa bandari bila mafundi ni mlango wa watu wengine kupita.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Ukaguzi wa magari upime hali, usiwe njia ya kuhukumu umri. Mwenye gari apewe karatasi inayotaja kasoro moja moja na muda wa kuzirekebisha, si neno "limefeli" tu. Vyuo hivi vifungue karakana zao jioni na Jumamosi kwa mafundi wa jua kali, waazime vifaa vya kupimia ambavyo hakuna gereji moja inayoweza kuvinunua peke yake. Mitihani ya NITA iwafuate mafundi gereji, kwa maana aliyeshusha gia boksi mia mbili hahitaji kurudishwa darasa la kwanza ndipo atambuliwe. Na kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zizungumze na Mombasa: spea ziko kwetu, milima na kazi viko kwao.

Naye mwenye gari asikwepe sehemu yake. Afuate mpango: kwanza breki na magurudumu, kisha hozi za petroli, kisha mkanda wa taimingi na pampu ya maji, kisha rejeta na mfuniko wake. Rangi ije mwisho. Anayeanza na rangi na rimu anapamba jeneza. Aweke daftari la kila kilichobadilishwa na tarehe yake. Na amlipe fundi kwa kazi ya kukagua, si kwa kazi ya kufunga spea peke yake. Tukimlipa fundi kwa kubadilisha tu, tumemfundisha kubadilisha hata kisichoharibika.

Siku gari lile litakapotoka Kitale, lipite Kiminini na Webuye, literemke mpaka Mombasa lisimame Likoni feri bila kuchemka, watu watapiga picha gari. Mimi nitatafuta jina la fundi. Mikono iliyoweza kazi ile ndiyo itakayoitengeneza ambulansi itakayombeba mama mjamzito usiku. Ila kama hatukumfundisha, hatukumpa kifaa na hatukumtambua, usiku huo ambulansi itakuwa imeegeshwa, ikisubiri spea ambayo iko kontena la pili kutoka getini.